Kengele ya kambi ya mkonge kwenye kitufe cha A

Mwaka 2014 kikundi cha maigizo cha Tanga kilinipa kazi ya sauti katika tamthilia ya manamba, wale vibarua walioletwa kutoka bara kuja kukata mkonge. Sauti zilikuwa tano: kengele ya kuamsha kambi, mashine ya korona ikichakata majani, mvua juu ya bati, treni, na ngoma za usiku. Kengele ndiyo iliyokuwa ngumu. Mnyapara alipaswa kuinua nyundo na kugonga kipande cha reli kinachoning'inia, lakini reli yenyewe ilikuwa ubao uliopakwa rangi. Mlio ulitakiwa utoke kwenye spika papo hapo nyundo inaposhuka. Mwongozaji hakuficha neno: "Kijana, mtu akiona nyundo kwanza ndipo asikie chuma, tumekwisha."

Programu ya kawaida ya kuchezea muziki haifai kazi hii, kwa sababu hufungua faili kutoka diski wakati ule ule unapobofya. Tulitumia Pure Data, programu ya bure aliyoianzisha Miller Puckette miaka ya 1990, baada ya kuunda programu ya Max akiwa IRCAM, kituo cha utafiti wa muziki na sauti huko Paris. Huandiki mistari ya msimbo humo. Unapanga visanduku kwenye ukurasa mweupe na kuviunganisha kwa nyaya, na mkondo unashuka kutoka juu kwenda chini. Kisanduku kinachobeba sauti yenyewe jina lake huishia na alama ya ~.

Kibodi inaingia kupitia kisanduku key. Ukibonyeza kitufe, kinatoa namba: a ni 97, s ni 115, d ni 100, f ni 102, g ni 103, na kitufe kirefu cha nafasi ni 32. Chini yake unaweka select 97 115 100 102 103 32, na kila namba inapata tundu lake la kutokea. Tundu la kwanza likawa kengele, la sita, la kitufe cha nafasi, likawa la kuzima kila kitu. Jambo la kuangalia hapa ni Caps Lock. Ikiwashwa, a inakuwa 65, select haiitambui, na ukumbi unabaki kimya bila ujumbe wowote wa kosa. Tuliongeza namba za herufi kubwa kwenye select na kuvuta nyaya zake kwenye njia zile zile.

Sauti zote zilipakiwa kwenye memori kabla pazia halijafunguliwa. Kisanduku loadbang kinawaka chenyewe faili linapofunguliwa, kinasukuma ujumbe read -resize kengele.wav kengele kwenda kwa soundfiler, kisanduku kinachosoma mafaili ya sauti, nayo inajaza jedwali lililotangazwa kwa table kengele. Neno -resize lisisahaulike, maana jedwali jipya lina nafasi ya sampuli 100 tu (sampuli ni kipimo kimoja kidogo cha sauti; sekunde moja ina maelfu), na bila neno hilo utasikia mchomo mfupi badala ya mlio. Kisha tabplay~ kengele, inayocheza jedwali hilo, chini yake *~ 0.3, inayopunguza sauti, na mwisho dac~ inayopeleka sauti kwenye kadi. Ile 0.3 ina sababu: dac~ hukata kila kinachozidi 1, na korona, mvua na treni zikilia pamoja bila kupunguzwa, jumla yake hupasuka vibaya.

Kengele tulirekodi kwa simu, kwa kugonga kipande cha reli halisi. Siku ya mazoezi alikuwepo mzee aliyewahi kufanya kazi korona. Baada ya shikamoo tukamsikilizisha. Akatikisa kichwa. "Hii nzito. Yetu ilikuwa inalia juu, unaisikia hadi mashambani."

Alikuwa sahihi, na kompyuta ilithibitisha. Simu ilirekodi sampuli 48,000 kwa sekunde, wakati Pure Data ilikuwa ikiendeshwa kwa 44,100. Kisanduku tabplay~ hakiangalii faili lilirekodiwa kwa kasi gani. Kinatoa sampuli moja baada ya nyingine kwa kasi ya programu. Kwa hiyo mlio ulipungua mwendo kwa asilimia 8 hivi na kushuka karibu nusutoni moja na nusu. Unaweza kubadilisha kasi ya programu nzima kwenye mpangilio wa sauti, lakini mafaili mengine manne yalikuwa ya 44,100. Tulibadilisha hilo moja kwa amri sox kengele.wav -r 44100 kengele2.wav, na mzee akakubali. Tangu hapo sipakii faili lolote kabla ya kuangalia kasi yake.

Likabaki suala la nyundo. Watu hukimbilia kulaumu kompyuta, lakini ucheleweshaji mkubwa ulikuwa ndani ya faili: kabla ya chuma kulia kulikuwa na ukimya wa milisekunde 80 hivi. Tuliukata hadi sampuli ya kwanza ya pigo. Baada ya hapo ndipo tukaenda kwenye mpangilio wa sauti na kushusha namba ya Delay, yaani milisekunde za sauti ambazo programu huandaa mapema, kutoka 50. Kwenye 12 sauti ilianza kukwaruza kila korona na mvua zilipolia pamoja. Kwenye 20 ilitulia. Pure Data huchakata sampuli 64 kwa mkupuo, yaani milisekunde 1.45, kwa hiyo hapo hapakuwa na cha kubana. Zaidi ya hapo ni hewa yenyewe: mtu aliyekaa mita 15 kutoka kwenye spika husikia milisekunde 44 baadaye. Ndiyo maana spika ya kengele tuliiweka jukwaani, nyuma ya ubao ule, ili mwanga na sauti vitoke mahali pamoja.

Mnyapara aligonga mara tatu kwa haraka, na hapo tatizo jingine likajitokeza. Kila tabplay~ hucheza sauti moja tu. Ukiibonyeza tena inaanza upya, mwangwi wa pigo la kwanza unakatwa, na unasikia mdundo mkavu wa mkato. Tuliweka tabplay~ tatu zinazosoma jedwali lile lile, na kihesabio cha f, + 1 na mod 3 kinachozigawia zamu.

Mvua na korona zilitaka mtindo mwingine. Tundu la kulia la tabplay~ hutoa ishara sauti inapokwisha. Ukiirudisha juu kwenye tundu la kuingilia, sauti inajirudia. Hatukutaka kushikilia kitufe, kwa sababu mbili. Mfumo wa Linux hurudiarudia kitufe kilichoshikiliwa, ikituma kuachia na kubonyeza kwa zamu mara nyingi kwa sekunde. Amri xset r off inazima tabia hiyo, na xset r on inairudisha. Pia kibodi nyingi za laptop hazisomi baadhi ya vitufe vitatu vikibanwa pamoja, kwa vile vinashiriki nyaya ndani. Kwa hiyo tulitumia toggle: bonyeza mara moja inaanza, mara ya pili inazima. Kuzima kulipitia line~, kisanduku kinachobadilisha ukubwa wa sauti taratibu, ikishuka hadi 0 kwa milisekunde 300, kisha delay 320 ndipo ujumbe stop. Ukiwasha tena kabla ya hizo 320 kuisha, delay nayo lazima ipelekewe stop, la sivyo mvua iliyoanza itakatika ghafla.

Usiku wa onyesho tulizima intaneti na kifaa cha kufunga skrini, kwa sababu key husikia tu pale dirisha la Pure Data linapokuwa mbele. Dirisha la taarifa likijitokeza juu, vitufe vinakwenda huko. Chaja ilichomolewa pia. Ikiwa kwenye ukuta, mngurumo wa hezi 50 ulikuwa unapita hadi kwenye miksa.

Nyundo ilishuka, chuma kikalia, na mstari wa mbele watu waligeuka kuitazama ile reli ya ubao. Mapigo yote matatu yalikaa mahali pake.

Kikundi cha pili kilipoomba sauti zile, tuliwapa folda nzima kwenye flashi: pachi, yaani ule ukurasa wa visanduku, na mafaili ya wav mahali pamoja, ili njia zisivunjike kwenye kompyuta nyingine, pamoja na karatasi yenye mistari miwili. Angalia Caps Lock. Ukimaliza, andika xset r on.