Sollentuna hadi uwanja wa 1912 kwa miguu, kisa kadi

Nilienda Stockholm kumwona dada yangu, ila moyoni nilikuwa na safari nyingine, kuuona uwanja wa Olimpiki ya 1912 ambao upo mpaka leo na bado unatumika. Mi nafundisha michezo sekondari na kila mwaka nawasimulia wanafunzi habari za George Goulding, Mcanada aliyeshinda pale mashindano ya kutembea, sasa nifike mji ule nirudi bila kukanyaga pale alipotembea, hapana.

Siku nne za mwanzo mvua na kulala tu. Ya tano dada kaenda kazini, nikafika stesheni ya treni ya Sollentuna, huko nje ya mji anakoishi, kadi ya benki inakataa. Nikarudia, inakataa. Nikatoa noti ya krona mia tano niliyobadilisha Dar kwa bei ya kuumiza, nikaingia duka la jirani ninunue tiketi, kijana akanionyesha kibao, hawapokei keshi. Duka la pili vilevile. Yaani una hela halali ya nchi yao mkononi na treni hupandi! Kwetu konda akikosa chenji mtagombana ila utafika. Simu haina salio, dada anatoka saa kumi na moja jioni. Nilisimama pale kama nusu saa roho inaniuma, mwisho nikasema basi, natembea.

Ni kama kilomita 13. Ukipita Ulriksdal unatokea Haga, bustani kubwa kando ya maji, njia ya baiskeli safi, na hapo ndo nikaanza kumuwaza Goulding. Kazaliwa Hull, Uingereza, 1884, akahamia Canada, akaishi Toronto. Alikuwa anakimbia na anatembea. London 1908 aliingia marathoni, ile ile ambayo Dorando Pietri alianguka anguka uwanjani dunia nzima ikamlilia, yeye akamaliza wa 22, nani amkumbuke wa 22? Ila Olimpiki hiyo hiyo akatembea mita 3500 akawa wa nne. Kumbe njia yake ilikuwa hapo. 1912 karudi, Stockholm, kutembea kilomita 10 kachukua dhahabu kwa dakika 46 na sekunde 28, kamwacha Ernest Webb wa Uingereza kwa sekunde 22. Na mchezo ule mguu mmoja lazima uwe chini muda wote, ukionekana unaruka waamuzi wanaweza kukutoa. Fainali hiyo waliomaliza walikuwa wanne tu.

Nikawa nawaza watoto wangu shuleni, wapo wanaotembea kilomita saba kuja na saba kurudi, jua lao mvua yao, halafu siku ya mashindano tunawapanga mita 100, mita 1500, wakishindwa tunawaambia hawana kipaji. Hatujawahi kuwapanga kutembea hata siku moja, hata mimi mwalimu ninayemsimulia Goulding kila mwaka. Wakenya wana Samuel Gathimba, kapata shaba ya Jumuiya ya Madola 2018 kwa kutembea kilomita 20. Sisi miguu hiyo tunayo, inaishia barabarani.

Nilipofika Odenplan, mjini, nikatamani kahawa, krona 45, zaidi ya elfu kumi ya kwetu kwa kikombe kimoja, na hata ningekubali bei wasingeipokea noti yangu. Nikapita.

Uwanja wenyewe si mkubwa, matofali ya kuchoma, minara miwili kama ngome. Geti lilikuwa wazi, watoto wanafanya mazoezi. Nikavua viatu maana kisigino kilishatoa lengelenge, nikatembea mzunguko mmoja kama Goulding, kisigino kwanza, sijaruka. Mapaja yaliwaka moto. Machozi yalinitoka na sikuyaficha.

Mama mmoja akaniazima simu, dada akaja.

"Mdogo wangu, si ungesema nikuachie kadi yangu?"

Akagusisha kadi mara mbili, nusu saa tuko nyumbani.

Ile noti nimerudi nayo. Ipo kwenye daftari la mazoezi, na chini yake nimeandika majina sita ya watoto wanaotoka mbali, Jumatatu tunaanza.