X nyekundu juu ya Malagarasi

Ilikua mwezi wa tatu mwaka 2015, natoka Tabora narudi nyumbani Kigoma, mvua kila sehemu na treni haieleweki inafika lini, reli yenyewe ni zaidi ya kilomita 400, basi shemeji akanitafutia nafasi kwenye ndege ndogo ya kukodi iliyokua inapeleka vifaa vya maabara. Propela moja, rubani mmoja. Nyuma maboksi yamejaa mpaka juu, rubani akanambia "mdogo wangu utakaa mbele na mimi, ila miguu usiguse pedali na mikono weka mapajani."

Mi ni fundi redio na simu, kazi zangu nafanyia Mwanga ya hapa Kigoma, kwahiyo macho yangu yalienda kwenye dashibodi kabla hata sijafunga mkanda. Nilitegemea zile saa nyingi za mishale. Hakuna, kulikua na skrini tatu kubwa, moja yake, moja katikati, moja mbele yangu mimi. Ya kwake na ya kwangu zilionyesha kitu kilekile, juu bluu ndo mbingu, chini kahawia ndo ardhi, spidi kushoto, kimo kulia, dira kwa chini. Ya katikati ni ramani na pembeni yake habari zote za injini, joto, nguvu, mafuta. Pale kwenye ramani kuna mstari wa zambarau umenyooka kuelekea Kigoma, na kindege kidogo kinatembea juu yake. Chini ya skrini ya rubani kulikua na saa chache za zamani, ndogondogo, nikaona kama zimesahaulika tu pale.

Tulivyofika juu kama futi 10,000, otopailoti, yaani mtambo unaoiongoza ndege wenyewe, imeshika, Urambo tumeiacha, Kapteni akaanza kunielezea kwenye hedifoni. Yeye alikua amerusha ndege za mishale miaka mingi. Akasema ile saa ya zamani inayoonyesha mlalo wa ndege ndani yake kuna gurudumu dogo linazungushwa kasi na hewa ya kuvutwa, pampu ikifa gurudumu halisimami palepale, linapungua taratibu na mshale unaanza kulala upande kidogo kidogo, na haukwambii chochote, unaendelea kuonyesha kama kawaida. Uko ndani ya wingu unaufuata huo, na ndege nayo inalala. Watu wamekufa hivyo. Hizi mpya hazina gurudumu, ni sensa za elektroniki zinapima mwendo na mzunguko, na nyingine inasoma sumaku ya dunia. Teknolojia yenyewe si ya juzi, Boeing 767 ilianza kubeba abiria 1982 ikiwa tayari na skrini za namna hii, ikaja Airbus A320 mwaka 1988, sema kwenye ndege ndogo zilichelewa.

Maeneo ya Malagarasi tukaingia kwenye wingu zito, nje ni nyeupe tupu, bawa lenyewe silioni vizuri. Hazikupita dakika nyingi ukalia mlio kwenye hedifoni, na skrini ya Kapteni ile bluu na kahawia ikatoweka. Pakatokea X kubwa nyekundu. Na dira yake pia, X. Otopailoti ikaachia.

Kwakweli niliogopa. Na mwili wangu ulikua unaniambia tunageuka kulia, yaani nilikua na uhakika kabisa tunageuka, naangalia skrini ya mbele yangu inaonyesha mabawa yamelala sawa, bluu juu kahawia chini, imetulia. Kapteni hakusema kitu. Alikua ameshashika usukani, akaangalia ile saa ndogo ya chini niliyodhani imesahaulika, akaangalia skrini yangu, akarudi kwenye saa. Zote mbili zinasema kitu kimoja. Ndo akabonyeza vitufe vya chini ya skrini yake, viwili vitatu, X ikafutika picha ikarudi, lakini yakatokea maandishi ya njano na hayakuondoka mpaka tunatua.

Nilikaa kimya hadi tumetoka kwenye wingu, mtu anafanya kazi humwongeleshi. Baadae akaeleza mwenyewe. Sensa yake ya upande wa kushoto ilikua imekufa, ya kulia nzima, akaiambia skrini yake ichukue taarifa kulia. Yale maandishi ya njano yanamkumbusha kwamba sasa skrini zote mbili zinakula kwenye sensa moja, kwahiyo zikikubaliana sio ushahidi tena, mwenye kauli tofauti amebaki ile saa ndogo peke yake.

Afu akasema kitu ambacho mpaka leo nakitumia kwa vijana ninaowafundisha ufundi. "Ukimuuliza mtu njia, bora akwambie sijui kuliko akunyooshee kidole tu. Mshale wa zamani ulikua unanyoosha kidole. Hii ikikosa uhakika inajifuta." Watu wengi wanasifia zile rangi na ramani, na kweli ni nzuri, wakati tunashuka Kigoma vilima vya upande wa ziwa vilikua vinatokea njano kwenye ramani kabla mi sijaviona kwa macho, lakini kwangu mimi ubora wa mtambo ule ulikua kwenye ile X. Kuna mtu alikaa akaamua kwamba taarifa ikiwa na shaka rubani asiione kabisa. Sasa hivi nikiona ndege ya abiria ya Q400 inatua hapa kwetu, najua mle mbele kuna skrini tano, hilo ndo nalifikiria.

Tulivyoshuka Kapteni aliandika hitilafu kwenye kitabu cha ndege, akasema haondoki mpaka fundi aje. Kulikua na watu wanasubiri kurudi nayo Tabora, wakalalamika sana, ndege si imefika salama jamani, na jua lenyewe limetoka. Nikawaelezea nilichokiona. Mama mmoja akaniuliza, "kwahiyo baba, ndege ndo imesema yenyewe inaumwa?" Nikamwambia ndio mama, na bora imesema. Akabeba begi lake akaenda stesheni kuulizia treni.