Jioni WSJT-X Ilipogoma Kufunguka

Kompyuta yangu ya mezani niliihamisha Jumamosi mchana, kutoka meza ya dirishani hadi meza ya ukutani, hatua nne tu, ili waya wa antena usikatize mlangoni. Niling'oa kila kitu: umeme, skrini mbili, kibodi, waya wa kuiongoza redio, na kile kiboksi cha sauti cha USB kinachokaa kati ya redio na kompyuta. Nikavirudisha kwa pupa, maana usiku nilitaka niwe kwenye megahezi 7.074 kwa FT8, mtindo wa kutumiana ujumbe mfupi wa kidijitali kwa redio. Soketi za umeme hazikutosha. Skrini ya pili, ambayo ndiyo huwa naiwekea madirisha ya redio, nikaiegemeza ukutani hadi kesho. Waya wake wa HDMI nilikuwa nimeshauchomeka. Wa umeme ukabaki umeviringwa.

Kompyuta ilipowaka, tarehe ilikuwa imerudi nyuma miaka kadhaa na kivinjari kikawa kinakataa kurasa kwa sababu ya vyeti vya usalama. Hilo nililielewa mara moja. Betri ya bodi kuu, ile CR2032 bapa kama sarafu, ndiyo inayotunza saa umeme ukikatika kabisa, na yangu ilikuwa imechoka bila mimi kujua kwa kuwa kompyuta haikuwa imeng'olewa ukutani kwa muda mrefu. Nikaandika tarehe na saa kwa mkono, nikifuata saa ya mkononi, kisha nikaendelea na shughuli.

Nikabofya WSJT-X, programu ya kurusha na kung'amua FT8, mara mbili. Picha ndogo ya kukaribisha ikachomoza katikati ya skrini, ikakaa kidogo, ikatoweka. Hakuna dirisha, hakuna ujumbe. Nikabofya tena. Safari hii kikaja kisanduku kikiuliza kama kuna nakala nyingine inayofanya kazi, na kama nataka kufuli ya zamani iondolewe.

Kisanduku kile kilikuwa kimenipa jibu lote, nami nikakisoma kinyume. Kila WSJT-X inapoanza huweka faili ya kufuli, WSJT-X.lock, kwenye folda ya muda ya Windows (andika %TEMP% kwenye kisanduku cha Run utafika), ili nakala mbili zisigombee redio moja na kadi moja ya sauti. Mimi nikaamua kuwa hilo ni salio la kuzimwa vibaya. Nikaenda kuifuta. Windows ikakataa, ikasema faili imefunguliwa na programu nyingine. Kufuli iliyoachwa na programu iliyokufa hufutika bila ubishi. Ile isiyofutika ina mwenyewe, na mwenyewe yuko hai. Ningelifikiria hilo kwa dakika moja ningeokoa saa mbili. Badala yake niliwasha kompyuta upya, nikapata yale yale, nikaanza kusakinisha.

Nilisakinisha mara tatu. Mara ya pili nilitoa programu kwanza, mara ya tatu nikafuta hadi folda ya C:\WSJT\wsjtx kwa mkono. Yote yalikuwa kazi bure, kwa sababu programu inakaa sehemu moja na mipangilio inakaa nyingine. Mipangilio iko %LOCALAPPDATA%\WSJT-X, kwenye faili WSJT-X.ini, na kuondoa programu hakuigusi folda hiyo. Ni jambo la heri, maana humo humo mna wsjtx_log.adi, daftari la mawasiliano yako yote, pamoja na ALL.TXT inayoandika kila kilichosikika. Lakini maana yake ni kwamba ugonjwa ulio kwenye mipangilio utaukuta palepale hata ukisakinisha mara kumi.

Nikampigia simu Mwalimu. Ni mama mtu mzima aliyepata leseni ya redio ya ridhaa zamani, enzi za funguo za Morse, na hana subira na mtu anayesakinisha kabla ya kutazama.

"Shikamoo Mwalimu. WSJT-X haifunguki."

"Marahaba. Haifunguki, au huioni?"

Sikuwa na jibu. Akaniambia nifungue Task Manager, kwa Ctrl, Shift na Esc, niende kwenye orodha ya kina, nibofye programu huku natazama jina wsjtx.exe. Alisema mambo ni matatu na kila moja lina njia yake. Jina lisipotokea kabisa, kitu kimeizuia mlangoni: kizuia virusi kimekamata faili, au maktaba fulani ya mfumo haipo. Likitokea na kupotea, imeanguka. Likitokea na kubaki, iko hai, na swali ni inafanya nini.

Kwa yale mawili ya kwanza alinipa vipimo ambavyo ninavitumia hadi leo. Fungua Command Prompt, nenda C:\WSJT\wsjtx\bin, andika start /wait wsjtx.exe, na ikishakufa andika echo %ERRORLEVEL%. Ikirudisha -1073741515, ambayo ndiyo 0xC0000135, kuna faili ya DLL, yaani maktaba ambayo programu huitegemea, haikupatikana. -1073741701, yaani 0xC000007B, mara nyingi ni DLL ya biti 32 kuchanganywa na programu ya biti 64. -1073741819, ile 0xC0000005, programu imegusa kumbukumbu isiyo yake. Hapo nenda Event Viewer, kwenye kumbukumbu za Application, tafuta kosa namba 1000, usome jina la moduli iliyoanguka. Ukikuta jina la dereva wa sauti au wa skrini, umeshajua pa kwenda. Neno start /wait lisisahaulike. Bila hilo dirisha jeusi halisubiri programu ya madirisha imalize, na namba utakayosoma haihusiani nayo.

Yangu ikatokea na kubaki. wsjtx.exe, na chini yake jt9.exe, mtoto wake anayefanya kazi ya kung'amua ishara. Event Viewer kimya. Haikuwa imeanguka hata mara moja.

"Basi iue, na mwanawe pia," Mwalimu akasema. Mwana anasahauliwa sana. Ukimaliza wsjtx.exe peke yake, jt9.exe anaweza kubaki ameshikilia kipande cha kumbukumbu wanachogawana, na ufunguzi unaofuata utalalamika kuwa kipande hicho hakiwezi kuundwa. Watu hudhani ni tatizo jipya.

Kisha akanipa kipimo ambacho sikuwa nimewahi kukisikia. Tengeneza njia ya mkato mpya, na mwishoni mwa amri ongeza --rig-name=jaribio. Chaguo hilo limewekwa kwa wenye redio mbili: linaipa programu kufuli yake, na folda yake ya mipangilio, WSJT-X - jaribio, iliyo tupu. Mipangilio yako ya kweli haiguswi. Ikifunguka hivyo, programu ni nzima, madereva ni wazima, na kosa liko ndani ya ile faili ya zamani ya mipangilio, WSJT-X.ini. Isipofunguka, acha ini, kosa liko nje.

Ikafunguka palepale, dirisha safi katikati ya skrini, ikidai alama yangu ya mwito.

"Sasa usiifute ini. Ibadilishe jina tu," akasema, akakata simu kwenda kula.

Nilitaka kufanya hivyo hasa. Nikapeleka kishale cha kipanya kulia, kuelekea folda iliyokuwa ukingoni mwa skrini, nikapitiliza kidogo, na kishale kikatoweka. Kikarudi nilipovuta kushoto. Kilikuwa kinafanya hivyo tangu mchana, nami nilikuwa nikisonya na kuendelea. Safari hii nikakisukuma kulia makusudi, mbali, kikaendelea kwenda mahali ambapo palikuwa na ukuta tu na skrini isiyo na umeme.

Skrini ile ilikuwa imezimwa, lakini Windows haikujua. Kwenye HDMI, kadi ya picha hupeleka volti 5 kupitia pini ya 18, na hizo hutosha kukiamsha kile kichipu kidogo kinachotaja jina na vipimo vya skrini, hata kama skrini yenyewe haina umeme. Kwa hiyo kompyuta ilikuwa na skrini mbili, kama kawaida, na WSJT-X ilikuwa ikirudi kwa uaminifu mahali ilipofungwa mara ya mwisho: kwenye ile yenye giza. Kwa kawaida dirisha likikosa skrini yake hurudishwa kwenye skrini iliyopo. Hapa halikukosa chochote. Kwa nini sikuona ikoni chini? Kwa sababu zamani nilichagua mimi mwenyewe kwamba vitufe vya upau wa chini vionekane tu kwenye skrini yenye dirisha husika. Alt na Tab ingeniambia ukweli kwa sekunde moja, lakini nani hubonyeza Alt na Tab kutafuta programu anayoamini haijafunguka?

Nikafunga ile ya jaribio, nikafungua ya kweli, nikabonyeza Windows na P, nikachagua skrini ya kompyuta pekee. Madirisha yote yakahamia mbele yangu kwa mkupuo: dirisha kuu, Wide Graph inayochora ishara kama picha, na juu yao kisanduku cha kosa la redio kilichokuwa kikisubiri gizani. Ukitaka kuhamisha dirisha moja tu, lichague kwa Alt na Tab kisha Windows, Shift na mshale wa kushoto.

Kile kisanduku kilisema Hamlib, sehemu ya programu inayozungumza na redio, imeshindwa kufungua mawasiliano na redio. Waya wangu wa kuongoza redio una kichipu cha CH340, ambacho hakibebi namba yake ya pekee. Ukikichomeka kwenye tundu jingine la USB, Windows hukiona ni kifaa kigeni na kukipa namba mpya ya poti. Device Manager ikanionyesha COM7. Mipangilio ilikuwa bado inaita COM4. F2, kichupo cha redio, nikabadilisha poti, nikaacha kasi ya 9600 kama ilivyo kwenye redio, kitufe cha Test CAT, cha kujaribu mawasiliano na redio, kikawa kijani. Kiboksi cha sauti nacho kilikuwa kimehama tundu, jina lake likapata "2-" mbele, na kwa WSJT-X hilo ni jina la kifaa kingine. Nikakichagua upya upande wa kuingia na wa kutoka. Hapa pana mtego: Windows ikiona kifaa kipya cha sauti huweza kukifanya ndicho cha kawaida, na hapo kila mlio wa kompyuta unaingia kwenye redio. Rudisha spika ziwe za kawaida kabla hujagusa kitufe cha kurusha. Nikahakikisha pia kiko kwenye hezi 48000, biti 16, na nikashusha sauti ya kuingia hadi kipimo cha pembeni kikasoma kama dB 30 kwa kelele tupu za bendi.

Picha ya Wide Graph ikaanza kushuka, na mistari ya FT8 ikajaa, minene, ya kutosha. Sekunde 15 zikapita. Upande wa kushoto hapakuandikwa kitu. Zikapita tena, na tena. Ishara nazisikia kwa masikio, naziona kwa macho, na programu haing'amui hata moja.

Hapo sikumpigia mtu simu. Kila kipindi cha FT8 ni sekunde 15, na ujumbe wenyewe huchukua sekunde 12.64. Kompyuta haisubiri kuambiwa kuwa ujumbe umeanza. Hukata sauti kwa kufuata saa yake. Saa ikipotoka zaidi ya sekunde mbili hivi, inakata pasipo mahali pake, na ujumbe wote unapotea hata uwe na nguvu kiasi gani. Ajabu ni kwamba kukosea saa nzima, au hata mwaka, hakuzuii kung'amua, mradi sekunde ziwe sawa. Kinachoharibika hapo ni daftari. Mimi nilikuwa nimeitengeneza tarehe vizuri na kuziacha sekunde kwenye huruma ya saa ya mkononi.

Nikafungua Command Prompt kwa haki za msimamizi, nikaandika net start w32time, kisha w32tm /resync. Saa ya UTC iliyo sehemu ya chini ya dirisha ikaruka sekunde nne. Kipindi kilichofuata kikaleta mistari kumi na saba kwa pamoja, safu ya DT, inayoonyesha tofauti ya saa kwa sekunde, ikisoma 0.1, 0.2, 0.1, -0.3.

Jumapili nilinunua betri. Ile ya zamani, inayopaswa kuwa na volti 3, multimita iliisoma 1.4. Kabla ya kufunga kifuniko nikachukua utepe wa karatasi wenye gundi, nikaandika REDIO kwenye tundu moja la USB na SAUTI kwenye lililo chini yake, na waya wa HDMI wa ile skrini nikauchomoa.