Usiku wa Ukungu Ngulia

Tulitoka Mtito Andei tukaishika barabara ya vumbi jekundu, tukaingia hotelini Ngulia jua likizama, tayari kunasa ndege wa safari kwa nyavu na kuwavisha pete. Siku mbili za mwanzo niliona nimepoteza nauli yangu. Anga safi, nyota tele, nyavu karibu tupu. Kila nilipouliza, mzee wetu wa kazi alinijibu neno moja: "Ukungu."

Hoteli hiyo imekaa ukingoni mwa genge, Tsavo Magharibi, na tangu 1969 wapiga pete, yaani wanaowavisha ndege pete zenye namba miguuni ili wajulikane wakipatikana tena, huifuata kila mwishoni mwa mwaka, mwezi ukiwa gizani. Ndege watokao Ulaya na Asia hupita hapo usiku wakielekea kusini. Anga likiwa wazi hupita juu kwa juu. Ukungu ukishuka, na mwezi haupo, hupotea njia, wakaziona taa, wakazishukia.

Usiku wa tatu, saa nane, niligongewa mlango. Mbele ya taa ndege walikuwa wakipita kama makapi yanayopepetwa, mamia kwa mamia. Kimya, isipokuwa vilio vidogo vidogo.

Alfajiri tukaenda vichakani kwenye nyavu. Ndege wangu wa kwanza alijisokota nikashindwa hata kujua kichwa kiko wapi.

"Usivute, kijana. Tafuta kwanza upande alioingilia."

Nilitafuta mpaka jasho likanitoka. Mwishowe mzee akamtoa yeye, kwa vidole viwili, kama anayefungua kifungo.

Mezani kazi ilikwenda mbio. Pete ya aluminiamu inabanwa kwa koleo, namba inasomwa kwa sauti, mwandishi anairudia. Bawa linapimwa kwa rula. Kisha unapuliza manyoya ya kifuani uone mafuta ya njano chini ya ngozi, maana hayo ndiyo akiba yake ya safari. Kupima uzito ndiko kulikonichekesha: anatumbukizwa kichwa chini ndani ya kikopo cha filamu, anatulia tuli. Gramu 12. Mwalimu mmoja wa Viborg, Denmark, aitwaye Mortensen, aliwavisha kwezi pete za namna hii mwaka 1899, na mpango haujabadilika sana: namba, anwani, na subira.

Wengi wa asubuhi ile walikuwa Acrocephalus palustris, kijindege cha rangi ya majani makavu ambacho ungekipita bila kugeuka. Kumbe dume wake ni mwigaji hodari. Huokota nyimbo za ndege wa Afrika akiwa huku, akarudi kuzaliana Ulaya akiziimba pamoja na za huko. Nilimshika mmoja kiganjani nikitamani aimbe. Alining'ata kidole.

Saa tatu ukungu ukapanda. Tukakunja nyavu, mimi nikiwaza kitanda. Mzee alitazama mawingu ya upande wa mashariki, akajifuta mikono.

"Leo ulale na viatu."