Wakili aliuliza kama kuna mtoto mgonjwa

Nilimsindikiza jirani yangu kwa wakili. Jina lake silitaji, maana Wakenya wa hapa Lowell, Massachusetts, tunajuana mno. Alikuja na viza ya mwanafunzi, karo ikamshinda, viza ikaisha, akabaki. Sasa anahudumia wazee zamu ya usiku na ana watoto watatu, wote raia wa Marekani. Wakili alipekua faili, akavua miwani, akauliza: "Hakuna mtoto mwenye maradhi? Hata pumu?"

Mwenzangu akajibu kwa fahari kwamba wote ni wazima. Laiti angejua.

Sheria ya 1996, ile aliyoitia saini Clinton, inamruhusu asiye na makaratasi kumwomba jaji amfutie kesi ya kufukuzwa ikiwa amekaa miaka 10 mfululizo, ana mwenendo mwema, na mke au mume, mzazi au mtoto wake mwenye uraia au ukaazi wa kudumu atapata taabu ya kupindukia, isiyo ya kawaida kabisa. Mtoto kulia kwa kumkosa baba, hiyo wanaiona ya kawaida. Zamani ilitosha miaka 7, na taabu ya mwombaji mwenyewe ilihesabiwa. Siku hizi haihesabiwi. Halafu nafasi zenyewe ni 4,000 tu kwa mwaka, nchi nzima! Kwa hiyo wanaoniambia "ombeni apate jaji mwenye huruma", huruma hiyo haina pa kupitia.

Wengine wanasema tumwendee mbunge apeleke muswada wa mtu mmoja. Upo, kweli. Mnigeria Sopuruchi Chukwueke, aliyeletwa akiwa kijana kutibiwa uvimbe wa uso, alipata ukaazi kwa njia hiyo Desemba 2012, Obama akatia saini. Nilifurahi kwa ajili yake. Lakini katika ile miaka miwili ya Bunge lao, huo ndio pekee uliopita. Anayewaogesha wazee usiku haandikwi gazetini.

Mimi nimeshikilia tarehe. Tangu 1929 kuna kifungu kinachompa ukaazi mtu aliyeingia nchini kabla ya tarehe fulani na akatulia. Tarehe ya kuingia walikuwa wakiisogeza mbele. Mara ya mwisho ilikuwa 1986, wakaiweka 1 Januari 1972, ikaganda hapo. Mwaka 2022 Zoe Lofgren, mbunge wa California, alipeleka muswada ili aliyekaa miaka 7 aruhusiwe kuomba. Haukupita.

Sasa ninyi mlioapa uraia mkapiga picha na vibendera: kura ni zenu, na mbunge anawasikiliza ninyi kwanza. Ukipiga simu ofisini kwake atapokea kijana, atakuuliza msimbo wa posta. Mwambie unataka ile tarehe ya 1972 isogezwe. Basi. Harambee ya wakili inaendelea kwenye grupu la WhatsApp kama kawaida, ila hii simu haina makato.