Simama Nje: Tafakari ya Kumbukumbu la Torati 24

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Somo letu wiki hii ni Kumbukumbu la Torati 24, mstari wa 6, kisha wa 10 hadi 13. Ni mistari michache. Isomeni kwanza ndipo muendelee na haya niliyoandika, maana sitainukuu yote.

Musa anasema na watu wanaokopeshana. Hakatazi kukopesha, wala hakatazi kudai rehani. Anachokataza ni mdai kutia mguu ndani ya nyumba ya mdaiwa. "Simama nje," anaambiwa, mwenye nyumba atakuletea rehani hapo ulipo. Kwa haraka mtu anaweza kuona ni jambo dogo, kwa kuwa rehani itatoka na deni liko palepale. Lakini hebu fikirini. Anayechagua kitu gani kitoke ni mdaiwa mwenyewe. Mdai hapati nafasi ya kuzungusha macho chumbani akaona kuna sufuria ngapi, nani amelala mgonjwa, watoto wanalalia nini. Maskini anadaiwa kweli, ila mlango bado ni wake.

Wengi wenu mnajua kwa nini nimelichagua somo hili. Yanayofuata nayaandika kwa ruhusa ya mhusika.

Baadhi yetu tulipokea ujumbe kutoka namba ngeni. Ulimtaja mama mmoja anayeuza ndizi na mbogamboga pale soko la Mbuyuni, hapa Moshi, majina yake yote matatu, ukadai kwamba ametuweka kuwa wadhamini wa mkopo wake, kwamba ni tapeli, na kwamba tumwambie alipe leo hii kabla picha yake haijasambazwa. Ujumbe huo aliupata mwalimu wa kwaya. Aliupata mangi mwenye duka anakochukua sukari kwa mali kauli. Aliupata hadi fundi aliyemwezekea paa zamani, ambaye hata sura yake alishaisahau. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuombwa kumdhamini. Namba zao zilikuwamo tu kwenye simu yake. Siku alipopakua ile programu ya mkopo wa chapchap, iliuliza kama anairuhusu kusoma namba zilizomo. Akabonyeza ruhusu, kwa sababu usipobonyeza hapo fedha haitoki, na yeye alikuwa anataka kuuwahi mzigo wa nyanya.

Mmoja wetu akautupia ujumbe ule kwenye kundi la jumuiya. Mliokuwapo mnakumbuka: mabishano yaliwaka hadi usiku wa manane.

Wa kwanza akasema amejitakia. Ni mtu mzima, ana uhuru wake, vigezo na masharti viliandikwa, nani alimshika mkono abonyeze? Hoja hii inapendwa sana na watu ambao hawajawahi kukwama. Tuache kwamba masharti yale huwa marefu kuliko waraka kwa Warumi, na mara nyingi ni Kiingereza, na yanasomwa kwenye kioo kilichopasuka na mtu aliyesimama juani huku wateja wanamwita. Tukubali hata kwamba aliyasoma yote. Je, fundi wa paa alibonyeza nini? Namba yangu haikuwa mali ya yule mama kuiweka rehani, wala yako. Kampuni ilipita mlango wa mtu mmoja ikaingia kwenye nyumba za watu wote anaowafahamu. Sasa huo uhuru wa mtu binafsi tunaousifu kwa sauti kubwa, ni uhuru wa nani?

Mwingine akaandika, "Mimi sina cha kuficha." Sawa, ndugu yangu. Hata yule mama hakuwa na cha kuficha, kudaiwa si dhambi. Na Musa hakusema mdai asimame nje endapo ndani kuna jambo la siri.

Mzee wetu mmoja akaleta alama ya mnyama. Ufunuo 13 unasema wazi juu ya mamlaka yanayozuia watu wasinunue wala wasiuze, kwa hiyo hofu yake haikutoka hewani. Tatizo ni kwamba alama hiyo kila mwaka inahama. Juzi ilikuwa kitambulisho cha NIDA, ikaja kuwa alama za vidole wakati wa kusajili laini, kesho sijui itakuwa nini, na anayemsaka mnyama kwenye kila mashine hapati muda wa kumwona jirani anayenyang'anywa. Niishie hapo kwa hilo.

Aliyenifikirisha zaidi ni kijana wetu anayesoma mambo ya kompyuta. Alikuwa na hasira, na hasira yake ilikuwa na ushahidi. Alitukumbusha kwamba mwaka 2009 kampuni ya Amazon ilifuta vitabu vya George Orwell kutoka kwenye visomeo vya Kindle vya wateja waliokwisha kuvilipia. Baada ya kugundua kuwa aliyeviuza hakuwa na haki navyo, haikuomba virudishwe. Ilinyoosha mkono hukohuko iliko ikavitoa, ikarudisha fedha, na baadaye mkuu wake Jeff Bezos akaomba radhi. Kama Mmarekani aliyelipa taslimu anaingiliwa hivyo, alisema, mkopaji wa Mbuyuni atasalimika vipi? Akaongeza kwamba hata hapa tunapobishania ni kwa mwenyewe: WhatsApp ilinunuliwa na Facebook mwaka 2014 kwa dola za Marekani zipatazo bilioni 19, na mtu hatoi fedha kiasi hicho kwa ajili ya kurahisishia wanakwaya ratiba ya mazoezi.

Nilicheka, lakini kweli ni kweli. Dawa yake ndiyo sikukubaliana nayo. Anataka kila mtu ajitoe, ahamie kwingine. Mwanzoni mwa 2021, WhatsApp ilipotangaza masharti mapya, watu wengi duniani walikimbilia Signal na Telegram. Sisi hatukwenda popote, na si kwa ujinga. Kwaya iko hapa, VICOBA, kikundi chetu cha kuweka na kukopa, iko hapa, michango ya misiba na harusi iko hapa. Ukitoka peke yako, nani atakuambia msiba uko wapi na mazishi ni saa ngapi? Nguvu ya makampuni haya inatokana na sisi wenyewe kuhitajiana, na jambo la namna hiyo haliishi kwa mtu mmoja kufuta programu kwa hasira.

Kuna jingine ambalo kijana hakufurahi kulisikia. Tangu Mei 2023, kampuni ya Google hairuhusu programu za mikopo binafsi zilizo kwenye duka lake kusoma namba na picha za mtumiaji. Mlango ule ulifungwa na jitu jingine, kubwa kuliko lile lililouvunja, kwa uamuzi wake lenyewe, na hakuna aliyetuuliza. Nashukuru kwa hilo, ila silali usingizi mzito, maana anayeweza kufunga bila kuuliza anaweza pia kufungua bila kuuliza. Na wakopeshaji wakorofi wameshajifunza kukutumia kiungo uipakue programu nje ya duka lile.

Serikali nayo haikukaa kimya. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitungwa mwaka 2022 na ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, kwa hiyo taarifa zako zina ulinzi wa kisheria, na kuna Tume ya kuipelekea malalamiko. Benki Kuu ilitoa mwongozo kwa wanaokopesha kwa njia ya kidijitali mwaka 2024, na Novemba mwaka huohuo ikatangaza majukwaa na programu 69 zilizokuwa zinakopesha bila leseni. Kabla hujakopa kwenye simu, tazama kwanza kama mkopeshaji ana leseni ya Benki Kuu. Ni kazi ya dakika chache, na inafaa kuliko mabishano ya usiku kucha.

Mstari wa 6 nao una lake. Unakataza kuchukua rehani jiwe la kusagia, kwa kuwa kufanya hivyo ni kuuweka rehani uhai wa mtu. Vijana wetu wengi wa bodaboda wana simu za mkopo, zile za kulipia kidogokidogo kila siku, ambazo ukichelewa kulipa zinajifunga zenyewe. Simu ikijifunga, mteja hawezi kumpata dereva, dereva hapati safari, na bila safari fedha ya kuifungulia simu inatoka wapi? Hapa nitasema bila kuuma maneno: sijui namna nyingine ambayo kijana wa Pasua asiye na dhamana yoyote angeipata simu ile, na kampuni nayo isipolipwa itafunga ofisi. Lakini Musa aliwajua wakopeshaji kuliko wanavyojijua wenyewe. Alijua mdai siku zote atakitaka kitu ambacho mdaiwa hawezi kuishi bila hicho, na hichohicho ndicho akakitoa kwenye orodha.

Kwa nini haya yawe mambo ya imani, tusiwaachie wanasheria? Kwa sababu tunamwamini Mmoja aliyesema amepewa mamlaka yote mbinguni na duniani, na tukimtafuta katika Ufunuo 3 tunamkuta anasema, "Tazama, nasimama mlangoni, nabisha." Alikuwa anasema na kanisa la Laodikia, watu waliojiona matajiri wasiohitaji kitu. Angekuwa na kila sababu ya kuingia kwa nguvu. Anabisha, anangoja afunguliwe.

Sasa tuje nyumbani, na hapa naomba mnivumilie.

Mlimani kwetu Kilimanjaro tunajivunia ushirika, na tuna haki. Wakulima wa kahawa waliunda chama chao mwaka 1925, na mwaka 1933 ikaanzishwa KNCU, chama kikuu cha ushirika wa kahawa, ili mkulima mdogo asimame mbele ya mnunuzi akiwa na wenzake. Lakini mwaka 1937 kulizuka ghasia, kwa sababu watu walilazimishwa kuuza kahawa yao kupitia chama hichohicho. Kumbe hata chombo cha kwetu kinaweza kutugeukia.

Katika vikundi vyetu vya kuweka na kukopa, mwanachama akishindwa marejesho, wenzake wanafanya nini? Wanakwenda kwake, tena kundi zima. Wanaingia ndani, wanabeba kochi, wanabeba televisheni, wanabeba godoro, na majirani wamejaa uani wanatazama. Kuna wanaopiga na picha. Wanaofanya hivyo si watu wa California wala wa Shanghai, ni sisi wenye vitenge vya umoja wa wanawake na beji za wazee wa kanisa. Mstari wa 10 tumeuvunja kwa miguu yetu, bila programu yoyote.

Ndiyo maana nampenda Nehemia katika sura ya 5. Watu walimlilia kwamba wameweka rehani mashamba na nyumba zao, na hata watoto wao wanatwaliwa utumwani. Akakasirika sana. Lakini kabla hajafungua kinywa, anasema alifanya shauri na nafsi yake, ndipo akagombana na wakuu. Hakuwauliza maskini kwa nini walikopa. Aliwakabili waliotoza riba, mbele ya mkutano mkubwa, na alipokuwa anawakemea alijitaja na yeye, na ndugu zake, na watumishi wake, kwamba nao wanakopesha. Kisha akawataka warudishe siku ileile.

Basi turudi kwenye ule ujumbe uliotufikia, maana kuna jambo ambalo sikuliona likiguswa na upande wowote wa mabishano. Mstari wa 12 na 13 unasema mdaiwa akiwa maskini, usilale na rehani yake. Umrudishie jua lichwapo, apate kulala na vazi lake. Mkopeshaji yule alichukua rehani gani kwa mama yetu? Alichukua jina lake. Na hakukaa nalo, aligawa. Mwalimu wa kwaya akapewa kipande, mangi kipande, fundi kipande, na aliyeutupia ujumbe kwenye kundi akatugawia sisi wengine wote. Usiku ule tulipokuwa tunabishana nani ana nguvu na nani ana uhuru, rehani ilikuwa mikononi mwetu, na jua lilikwisha kuchwa.

Ujumbe wa namna hiyo ukikufikia, usiusambaze hata kwa nia ya kuuliza kama ni kweli. Nakala moja abaki nayo mwenyewe anayechafuliwa, kwa ajili ya kupeleka malalamiko; yako ifute. Kisha mpigie. Usimwandikie, mpigie, asikie sauti inayomwita kwa jina lake kama ulivyomwita Jumapili. Mhazini wa VICOBA ndivyo alivyofanya asubuhi yake, na mazungumzo yao hayatuhusu.

Tuombe. Bwana Yesu, wewe unayebisha, wafundishe wenye nguvu kusimama nje, na sisi utufundishe kwanza. Uwakumbuke wote ambao usiku huu wanaogopa simu zao zikilia. Amina.

Alhamisi tunakutana saa kumi na moja jioni, nyumba ileile. Tutasoma Nehemia 5 yote, halafu tutapitia kipengele cha katiba ya VICOBA kinachoruhusu kubeba vyombo vya mwanachama. Katibu, tafadhali njoo na nakala. Wenye hoja ya kukitetea nao waje, tutawasikiliza.