Siku moja katika maabara ya tishu, Bukavu

Saa moja asubuhi, wakati ukungu wa Ziwa Kivu haujaachia vilima vya Bukavu na pikipiki za abiria ndiyo kwanza zinakusanyika Nyawera, mimi huwa nimekwisha kufungua madirisha yote ya maabara. Mvuke wa formalini, yaani formaldehaidi iliyo majini tunayohifadhia tishu, na wa zileni, kimiminika cha kuyeyushia nta, haupaswi kulala ndani ya chumba ambamo watu watashinda mchana kutwa. Tangu mwaka 2004 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeihesabu formaldehaidi miongoni mwa vitu vinavyowasababishia binadamu saratani, nasi tunaofanya kazi ya kuitafuta saratani tuna sababu zaidi ya kulitilia maanani jambo hilo.

Mimi ni fundi wa maabara ya patholojia. Napokea vipande vya mwili vilivyotolewa na madaktari wa upasuaji, navihifadhi, navikata, navitia rangi, kisha navikabidhi kwa daktari wa patholojia ili avisome kwa hadubini. Kusoma kwenyewe mara nyingi huchukua dakika chache. Maandalizi ndiyo yanayochukua siku mbili, tatu, na wakati mwingine zaidi. Wagonjwa na jamaa zao huona tu kwamba majibu yamechelewa, na ndiyo maana nataka kueleza muda huo unakwenda wapi.

Kazi ya kwanza ni kufungua mashine ya kuandalia tishu, ambayo imezunguka usiku kucha. Kabla ya kugusa chochote naangalia betri, kwa sababu umeme wetu, unaotoka kwenye mitambo ya mto Ruzizi, hukatika bila kuaga, na mashine ikisimama vipande vikiwa katikati ya alkoholi kavu (isiyo na maji) na zileni, hukauka na kuwa vigumu kupita kiasi. Leo vimetoka salama, vimelowa parafini, yaani nta, ya nyuzi 60 hivi. Navipanga kimoja kimoja katika kalibu ndogo za chuma, namimina parafini juu yake, na kuviweka kwenye barafu vigande. Hapa mkono unahitaji akili kuliko nguvu: kipande cha ngozi lazima kisimamishwe kwa ubavu ili tabaka zote zionekane kuanzia juu hadi kwenye mafuta, na kipande cha mrija lazima kikatwe kwa upana wake. Kikilala vibaya kwenye kalibu, hakuna rangi wala lenzi itakayokisimamisha baadaye.

Kuanzia saa mbili na nusu nakaa kwenye mikrotomu, mashine ya kukatia tishu mikato myembamba, na hapo sipendi kuitwaitwa. Kwanza naondoa parafini ya juu kwa mikato minene ya mikromita 15 hivi (mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita) mpaka uso wote wa tishu ujitokeze, kisha narudisha bloku, yaani kipande kilichogandishwa ndani ya parafini, kwenye barafu, nabadilisha wembe, na kuanza kukata kwa mikromita 4. Chembe nyekundu ya damu ina upana wa mikromita 7 hivi. Maana yake ni kwamba mkato wetu ni mwembamba kuliko chembe yenyewe. Mikato hushikana ncha kwa ncha na kuwa utepe, nao nauokota kwa brashi laini na kuulaza juu ya maji yenye joto la nyuzi 45 hivi, ambayo huunyoosha bila kuyeyusha parafini. Mwanafunzi aliye kwetu kwa mazoezi ananiuliza, akiniita kaka mkubwa kama ilivyo kwetu, “Yaya, mbona utepe wangu umekunjamana?” Namwonyesha kwamba bloku yake imepata joto, na kwamba alizungusha gurudumu kwa kasi. Tunairudisha kwenye barafu, anangoja, anazungusha taratibu, na utepe unatoka sawa.

Baada ya kila bloku tunapitisha karatasi safi juu ya maji. Nalisisitiza jambo hili kwa kila mwanafunzi, hata akaniona msumbufu, kwa sababu kibanzi kisichoonekana vizuri kwa macho kinaweza kubaki majini na kunata kwenye kioo cha mgonjwa mwingine. Kibanzi hicho kikiwa cha saratani, mtu mzima wa afya anaweza kuandikiwa ugonjwa usio wake. Kwa sababu hiyo hiyo namba huandikwa kwa penseli: wino wa kalamu ya kawaida huyeyuka katika alkoholi, lakini penseli hubaki.

Saa nne vinaingia vipande vipya. Chupa moja, iliyotoka katika kituo cha afya ambacho sitakitaja, ina mdomo mwembamba, na ndani yake mmesukumwa kipande kikubwa cha titi katika formalini isiyokifunika hata nusu. Formalini inayofaa ni ya asilimia 10, na ujazo wake uwe angalau mara kumi ya ule wa tishu, kwa kuwa kazi yake ni kuzifunga protini pamoja ili seli zibaki katika umbo zilizokuwa nalo mwilini. Nayo huingia polepole, takriban milimita 1 kwa saa mwanzoni, na katika mafuta ya titi huingia kwa shida zaidi. Sehemu isiyofikiwa huanza kujimeng’enya yenyewe. Daktari amekipaka wino pembezoni ili baadaye ajue kama uvimbe umefika kwenye ukingo wa upasuaji, akakipasua kwa vipande vya nusu sentimita, na katikati tukakuta nyama laini kama uji. Tumekitumbukiza katika ndoo ya formalini mpya. Vipande vidogo vya siku hiyo, vilivyokuja katika chupa sahihi, vimeingia katika kaseti zao, vijisanduku vya kuingizia tishu mashineni, bila taabu.

Saa sita ni zamu ya rangi. Vioo vilivyokaushwa kwenye tanuri hupita kwanza katika zileni ili parafini itoke, kisha katika alkoholi inayopungua nguvu mpaka maji, maana hematoksilini yetu ni ya maji na haiwezi kuingia mahali palipo na nta. Hematoksilini hutolewa katika kiini cha mti unaoota Amerika ya Kati. Ikishaoksidishwa na kuchanganywa na chumvi ya alumini, hushika viini vya seli. Navichovya dakika tano, nasuuza, kisha sekunde chache tu katika alkoholi yenye asidi ili rangi iliyozidi iondoke. Baada ya hapo vinaingia katika maji yenye matone ya amonia, na viini vinageuka kutoka wekundu wa zambarau na kuwa bluu mbele ya macho yako. Sipiti hatua hii bila kutazama kioo kimoja kwa hadubini: viini viwe na mpaka ulio wazi na chembechembe za ndani zionekane. Ndipo naingiza eosini, inayozipa waridi sehemu nyingine za seli, misuli na nyuzi, huku chembe nyekundu za damu zikiwaka zaidi. Eosini huchujika katika maji na katika alkoholi dhaifu, hivyo hapo napita haraka, namalizia kwa alkoholi kavu na zileni, na kufunika kwa kioo chembamba bila kuacha kiputo cha hewa.

Saa nane daktari ananiita kwenye hadubini yenye vichwa viwili, jambo ninalomshukuru, kwa sababu fundi asiyeona mwisho wa kazi yake hawezi kuirekebisha. Mbele yetu ni tezi ya limfu iliyotolewa shingoni mwa kijana ambaye aliyemtuma aliogopa saratani ya tezi za limfu. Kwa lenzi ya 4, yaani inayokuza mara 4, tunaona visiwa vilivyofifia katikati ya bahari ya viini vya bluu. Kwa lenzi ya 10 katikati ya visiwa hivyo ni waridi tupu, nyama iliyokufa isiyobakiza umbo la seli. Kwa lenzi ya 40 pembezoni mwake kuna seli kubwa zenye viini vingi vilivyojipanga nusu duara, zile zinazoitwa kwa jina la Langhans. Daktari hasemi neno kubwa. Ananiomba mkato mwingine kwa rangi ya Ziehl na Neelsen.

Narudi kwenye bloku ile ile. Kioo kinafunikwa kwa fuksini, rangi nyekundu, yenye fenoli na kupashwa moto chini mpaka mvuke uinuke, bila kuchemka, kisha kinaoshwa kwa alkoholi yenye asidi na kutiwa bluu ya methileni. Bakteria wa kifua kikuu wana ukuta wa nta unaokataa kuiachia fuksini. Pembeni naweka kioo cha kulinganishia ambacho tunajua kina bakteria hao, kwani bila hicho jibu la “hakuna” halina thamani. Tunatafuta kwa lenzi ya 100 yenye mafuta, eneo baada ya eneo, na baada ya muda mrefu vinaonekana vijiti viwili vyekundu, vyembamba, katika uwanja wa bluu. Ugonjwa huu, bakteria wakiwa hawajawa sugu, hutibiwa kwa dawa nne kwa miezi 2 na dawa mbili kwa miezi 4 inayofuata. Hata vijiti visingeonekana, daktari asingeuondoa uwezekano huo, kwa kuwa ndani ya tishu huwa wachache sana.

Saa kumi mama yake kijana yupo mlangoni. “Papa, majibu yetu yametoka?” Namjibu kwa heshima, “Mama, kazi ya kwetu imekwisha leo. Docta anaandika, naye ndiye atakayekueleza.” Ni vigumu kusema hivyo ukiwa umeyaona mwenyewe, lakini majibu yasiyotiwa sahihi si majibu.

Saa kumi na moja napanga kaseti katika kikapu cha mashine: alkoholi ya asilimia 70, 80, 95, kisha kavu, kuondoa maji yote, zileni kuondoa alkoholi, parafini kuchukua nafasi ya zileni. Mashine itafanya kazi hiyo kwa muda wa saa kumi na mbili, nami naandika katika daftari namba ya kila kaseti iliyoingia. Simu inalia: ni yule aliyetuma titi, anauliza kama linaweza kuingia usiku huu ili apate jibu mapema. Namweleza kwamba tishu ya titi inahitaji angalau saa 6 ndani ya formalini ya kutosha na isizidi 72, na kwamba mafuta yale bado hayajashikwa vizuri na formalini. Nikiliingiza leo litakatika vipande vipande kwenye wembe, na mgonjwa hana titi lingine la kututumia kwa uvimbe ule ule. Amenyamaza kidogo, akauliza siku ya kupiga tena. Litaingia mashineni kesho jioni.